Bolti Ikizunguka Bila Kukaza: Mwongozo Kamili wa Kufufua Tredi Zilizokufa Kwenye Injini

Unamalizia bolti ya mwisho. Mkono unahisi inashika, unaongeza kidogo, inashika zaidi, halafu ghafla inalegea kama kijiko kwenye uji. Acha hapo hapo. Usijaribu tena "nione kama itashika". Kila mzunguko unaoongeza sasa unasaga zile tredi chache (mifereji inayoumana kati ya bolti na tundu) zilizobaki salama chini ya tundu, na huenda hizo ndizo zingekuokoa bila hata kutoboa.

Gereji wanasema tredi imekufa. Wengine husema imevua, wengine imelika. Kamusi ina neno hesi, ila ukilitaja kwa mafundi wengi watadhani umekuja kudai hesabu, kwa hiyo hapa nitatumia tredi.

Kinachokufa mara nyingi ni tundu. Bolti ni chuma kigumu, hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wake) nyingi za magari ya siku hizi ni aluminiamu, na vikivutana laini ndiyo inayokatika. Ndiyo maana kununua bolti mpya peke yake mara nyingi hakusaidii kitu.

Itoe, uisome

Toa bolti polepole. Ikizunguka bila kutoka, ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa chake au chini ya braketi, uinyanyue kidogo huku ukiendelea kufungua. Ikishatoka, itazame kwenye mwanga. Ukikuta nyuzi za rangi ya fedha zimejizungusha kwenye mifereji yake kama springi, hizo ni tredi za tundu lako. Hesabu zinachukua urefu gani. Zikiwa zimejaa kuanzia ncha hadi juu, tundu zima limekwisha. Zikiwa milimita tano tu karibu na kichwa, bado una bahati.

Angalia pia ncha. Ncha yenye matope au mafuta inaeleza mengi. Tundu lisilotoboka upande wa pili likiwa na mafuta au maji ndani, bolti inapoingia inakuwa kama pistoni: kimiminika hakina pa kwenda, spana inakudanganya kwamba umeshakaza, na ukizidi kulazimisha unaweza kupasua bloku yenyewe.

Namba ya spana si namba ya bolti

Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Sisi huziita bolti kwa spana yake: namba kumi, namba kumi na mbili, namba kumi na nne. Dukani tredi huuzwa kwa unene wa bolti yenyewe. Kwenye magari mengi ya Kijapani bolti ya spana 10 ni M6 (unene wa milimita 6), ya spana 12 ni M8, ya spana 14 ni M10. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ukaomba chuma cha kukatia tredi ukisema "tepu ya namba kumi na mbili", utapewa tepu ya M12, uende nayo nyumbani ukaharibu kilichobaki.

Kisha kuna umbali kati ya tredi moja na nyingine. M6 kwa kawaida ni milimita 1.0 na M8 ni 1.25, hizo hazisumbui. Shida iko kwenye M10 na M12. Bolti za M10 za Toyota na Nissan nyingi ni za 1.25, ilhali bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni ya 1.5. Kwenye M12 tofauti ni kubwa zaidi: 1.25 ya gari dhidi ya 1.75 ya dukani. Bolti hiyo ya dukani huingia mizunguko miwili kwa mkono, ikagoma, fundi akaongeza bomba kwenye spana, na tundu likafa siku hiyo hiyo. Nimeona matundu mengi ya braketi za alternata yaliyokufa kwa kifo hicho.

Geji ya tredi ni bei ndogo. Kama huna, chukua bolti unayoijua ilitoka kwenye gari lile lile, zilaze mbili zikiwa zimeumana tredi kwa tredi, uzinyanyue kwenye mwanga. Zikikaa bila nafasi kwa urefu wote, ni ndugu.

Kabla ya drili, jaribu njia mbili

Ya kwanza ni kusafisha. Ikiwa bolti iliingizwa upande ikaumiza tredi mbili tatu za juu tu, hakuna haja ya kutoboa. Pitisha tepu ya kipimo kile kile kwa mkono, au jitengenezee kisafishio: chukua bolti nzima ya aina hiyo, ibane kwenye jiliwa, kata mfereji mmoja wa wima kwa msumeno wa chuma kuanzia ncha kwenda juu, ondoa makali kwa tupa. Ipake mafuta, iingize polepole. Tredi zilizolala zitasimama na uchafu utaingia kwenye ule mfereji. Kwa aluminiamu mimi napendelea hicho kuliko tepu, kwa sababu tepu haijui kusafisha, inajua kukata tu.

Ya pili ni bolti ndefu zaidi. Matundu mengi yametobolewa kina kuliko bolti inavyofika, na huko chini tredi hazijaguswa. Chukua njiti ya mshikaki, iingize mpaka chini, weka alama usawa wa mdomo wa tundu. Tuseme kina ni milimita 32, braketi ina unene wa 10, na bolti ya zamani ina urefu wa 25. Maana yake iliingia 15 tu. Bolti ya 35 itaingia 25, yaani 10 kwenye tredi mpya, na itabakiza 7 kabla ya kugusa chini. Kwa M8 naridhika na 10; ikiwa chini ya hapo naenda kwenye helikoili, nitakayoieleza hapa chini. Kumbuka tredi hazifiki mwisho kabisa wa tundu, kwa hiyo lazima bolti iingie kwa vidole bila kugoma mahali unapotaka ikae. Nunua yenye 8.8 kichwani, ndiyo alama ya uimara wake.

Helikoili, hatua kwa hatua

Hii ndiyo kazi yenyewe. Helikoili ni springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, iliyosokotwa ikawa na tredi ndani na nje. Unapanua tundu lililokufa, unakata tredi kubwa zaidi, unaiingiza springi, na ndani yake bolti yako ya zamani inarudi kama mwanzo. Kwa kuwa inashika eneo pana zaidi la aluminiamu, tundu lililotengenezwa vizuri huwa imara kuliko la kiwandani. Si kiraka. Kuna matundu ya ndege yanayotoka kiwandani yakiwa nayo.

Nunua seti nzima: biti, tepu yake, mpini wa kuingizia, na springi zenyewe. Tepu ya helikoili ya M8 si tepu ya M8 wala ya M10. Ni ya pekee, imeandikwa M8 lakini ni nene zaidi. Ukiitenganisha na seti yake umekwisha.

Tuseme ni tundu la M8 la braketi ya alternata, kwenye injini ya IST au Probox.

Toa waya wa hasi wa betri kwanza, maana waya mnene wa alternata una umeme muda wote. Ondoa kila kinachozuia mkono na drili kusimama wima. Watu hukwepa kufungua feni ya rejeta kwa dakika ishirini, wakaishia kutoboa tundu lililolala, na tundu lililolala halitengenezeki kirahisi. Ziba matundu ya jirani kwa vitambaa, na vihesabu. Nasema vihesabu kwa sababu niliwahi kukisahau kimoja.

Pima kina kwa njiti, kisha funga utepe kwenye biti kwenye kipimo hicho hicho. Usiongeze hata milimita moja. Nyuma ya ukuta ule kunaweza kuwa na njia ya maji au ya oili, na ukiitoboa hiyo hakuna springi itakayokusaidia.

Biti ya M8 huwa milimita 8.3 au 8.4 kutegemea seti. Unaondoa kidogo sana, kwa hiyo biti hupenda kunyonywa na tundu ikakimbia yenyewe. Shika drili kwa mikono miwili, mwendo wa chini, mtu wa pili akae pembeni akitazama kama imesimama wima kwa kulinganisha na pembemraba. Akuangalie kutoka pande mbili, si moja. Dondoshea mafuta ya taa. Kwa aluminiamu hufanya kazi vizuri na hayaachi chenga zigande kwenye biti. Vaa miwani.

Safisha tundu. Kama una kompresa, ingiza mrija mwembamba mpaka chini ndipo upulize, huku umefunika mdomo wa tundu kwa kitambaa.

Sasa tepu. Tumia mpini wa T, kamwe usitumie drili. Mizunguko miwili ya mwanzo ndiyo inayoamua kila kitu: bonyeza kidogo, zungusha, simama, pima kwa pembemraba, rekebisha. Ikishashika, acha kubonyeza, itajivuta yenyewe. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kukata chenga. Kila mizunguko mitatu itoe yote, ifute, weka mafuta ya taa, rudi. Ukihisi mkono umekuwa mzito ghafla, umefika chini au chenga zimejaa. Tepu ni chuma kigumu kinachovunjika kama glasi, na tepu iliyovunjikia ndani ya tundu biti ya kawaida haiiwezi.

Safisha tena, safari hii kwa spirei ya kusafishia breki, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Tazama springi yako. Chini yake kuna kijiulimi cha waya kilichokatiza katikati. Ichomeke kwenye mpini ili kile kijiulimi kishikwe na mfereji wa ncha. Springi ni nene kidogo kuliko tundu. Ukiizungusha kupitia ulimi inajibana na kuingia, ukiiachia inajitanua na kung'ang'ania ukuta. Kwa hiyo usiisukume. Izungushe tu kwa vidole, kama unafunga kifuniko cha chupa ya dawa. Ukisukuma, itaruka tredi moja na utaona imekaa mshazari. Endelea mpaka mwisho wake wa juu uwe umezama robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Ikibaki imechomoza, braketi haitakaa, na bolti itakuja kuing'oa.

Mwisho vunja ulimi. Chukua chuma cha duara kinachoingia bila kugusa pembeni, kiweke juu ya ulimi, piga mara moja kwa nyundo, pigo fupi kavu. Utasikia tik. Kitoe kile kipande kwa njiti iliyopakwa grisi nzito. Sumaku mara nyingi haikikamati. Kisikae humo, kwa sababu bolti itakigusa nawe udhani umekaza.

Bolti ikitoka na springi siku nyingine, tundu lilitobolewa kubwa mno au bolti ina kutu. Safisha bolti, weka springi mpya, na upande wake wa nje upake tone dogo la gundi ya kufungia nati.

Sampu ni habari nyingine

Corolla 110 yangu ilifungwa bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kijana wa kumwaga oili aliyekuwa akitumia bomba la futi mbili kwenye spana. Safari iliyofuata bolti ilitoka na tredi zote. Nikashauriwa seal tape. Nikaiweka, ikavuja siku ya pili. Seal tape haijengi tredi, inaziba njia ya maji kwenye bomba la nyumbani.

Kwanza jua sampu yako ni ya nini. Igonge kwa sumaku. Ikinasa, ni bati la chuma lenye nati iliyochomelewa ndani, na mara nyingi sampu iliyotumika ni nafuu na ya haraka kuliko kuhangaika na tundu. Isiponasa, ni aluminiamu, na hapo inafaa kutengenezwa. Ila kwa bolti inayofunguliwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa, springi si chaguo langu. Nataka bushi nzima yenye mdomo, ya aina ya Time-Sert, au mkerezaji akutengenezee bushi ya chuma yenye tredi nje na ndani. Bushi haitoki na bolti.

Shusha sampu chini ufanyie kazi mezani. Najua ni gundi ya kubandua na bolti ndogo nyingi. Lakini ukitoboa ikiwa juu ya gari, chenga zinabaki ndani, na kichujio cha pampu ya oili kiko sentimita chache tu juu yake. Ile bolti inayojikatia tredi yenyewe, nene kidogo kuliko ya asili, ni ya kukufikisha nyumbani. Aluminiamu ikishakatwa nayo, mara ya tatu hutapata pa kushika.

Na ukinunua bolti ya sampu, taja gari. Toyota na Nissan nyingi ni M12 ya 1.25, Honda ni M14 ya 1.5. Washa ni mpya kila mara. Kwenye injini ya 1NZ ya IST, Nm 38 hivi (Nm ni kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukaza) zinatosha kabisa.

Plagi

Plagi nyingi za magari haya ni M14 ya 1.25, na matundu yake hufa kwa sababu mbili: kufunguliwa injini ikiwa ya moto, na kuanzwa kwa spana badala ya vidole. Subiri ipoe kabisa. Ukifunga, chukua kipande cha mpira wa mafuta, kivalishe juu ya plagi, uizungushe kwa mpira. Ikianza upande, mpira utateleza kabla tredi hazijaumia.

Kama limekwisha, bushi nzima tena. Njia salama ni kushusha hedi. Ukilazimika kuifanya juu ya gari, zungusha krenki mpaka pistoni ya silinda hiyo ishuke chini na isiwe kwenye njia ya tepu, jaza grisi kwenye mifereji ya tepu ili chenga zigande humo, itoe na kuifuta mara nyingi. Baada ya hapo nyonya ndani ya silinda kwa mrija mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi, tazama kwa kamera ndogo ya simu kama unayo, na zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje, moto na mafuta vimekatwa, kabla ya kufunga chochote. Gundi za chuma za kopo mbili hapa hapana. Joto na mgandamizo vitaitema plagi.

Bolti za hedi, hasa kwa wenye 2AZ

Wenye Ipsum, Harrier ya 2.4, Alphard na Estima za miaka ya mwanzo ya 2000 wasome hapa mara mbili. Injini ya 2AZ-FE ya miaka hiyo ina ugonjwa unaojulikana: tredi za bolti za hedi zinang'oka kwenye bloku ya aluminiamu, mara nyingi upande wa nyuma unaotazama kabini. Hedi inalegea, maji yanapungua bila kuonekana yanakoenda, kisha gari linachemsha. Toyota baadaye waliongeza urefu wa tredi hizo.

Mwenye gari anaambiwa gasketi. Inabadilishwa, hedi inapelekwa kusawazishwa, na baada ya wiki chache gari linachemsha tena, kwa sababu aliyeugua alikuwa bloku. Dalili unaipata wakati wa kufunga: baada ya torki ya kwanza, bolti huongezwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Katika nyuzi hizo mkono lazima uzidi kuwa mzito mpaka mwisho. Ukipungua hata kidogo, tredi imeondoka. Fundi akikwambia "hiyo moja haijashika vizuri lakini tisa ziko sawa", simamisha kazi.

Bolti hizo ni M11 ya 1.5. Dawa yake ni bushi nzima ndefu zilizotengenezwa kwa injini hiyo, pamoja na bamba la kuongozea drili linalofungwa juu ya bloku. Bila bamba, usiiguse. Na zifanywe zote kumi, kwa sababu zilizobaki ni za umri ule ule na zilichemka pamoja. Kausha matundu yote kwa hewa kabla ya kurudisha bolti.

Kukaza tena

Kama una spana ya torki, fuata kitabu cha gari lako na uangalie kipimo kimeandikwa kwa nini: Nm, au futi-ratili, ambayo moja ni Nm 1.36. Bolti ya tapeti kava (kifuniko cha juu kabisa cha injini) ni Nm 10 hivi, za M8 kwenye aluminiamu nyingi huwa 20 hadi 25, plagi za M14 nyingi 18 hadi 25. Vipimo hivyo ni vya tredi kavu. Ukipaka mafuta, torki ile ile inavuta zaidi.

Kama huna, tumia hesabu. Nm 10 ni sawa na kilo moja iliyoning'inia kwenye mpini wa mita moja, au kilo tano kwenye spana ya sentimita 20. Chukua mzani wa samaki, uvute mwisho wa spana mara kadhaa mpaka mkono ukariri kilo tano zinavyohisi. Utashangaa ni kidogo kiasi gani. Mkono wa gereji huvuta kilo kumi na tano bila kujua, na ndiyo maana M6 nyingi za tapeti kava zimekufa.

Anza kila bolti kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya kushika spana. Rudisha waya wa betri, chora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye braketi, washa injini ipate joto, izime, iache ipoe usiku kucha. Asubuhi tazama mstari. Ukiwa umenyooka, funga boneti.